Bibi wa Ukurasa wa Mbele

Mjukuu wangu Selestini anatengeneza tovuti. Nimemlea mimi hapa Ilagala tangu mama yake afariki, kwa hiyo kazi yake naweza kuieleza bila kumwuliza. Ni kama kumjengea mtu duka lisilo na mlango, wateja wakaingilia kwenye simu. Anaifanyia juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, maana ndipo mtandao unapokamata. Mwenye haja naye anapanda kichuguu.

Kazi yake ya pili ni kupiga picha za huku shamba. Wenzake walikimbilia mjini kupiga picha za harusi, yeye akabaki anapiga mihogo iliyoanikwa kwenye mawe, mawese yakichemka, na pale Malagarasi inapoingia ziwani maji yakawa ya rangi mbili. Majirani walisema kijana amechanganyikiwa, mihogo si kila mtu anayo? Mimi sikusema hivyo. Nilisema akishaipiga picha, basi na kuianua aianue.

Mwaka ule Warundi walipokimbia kwao wakafurika Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani, meli ikawa inawaleta Kigoma makundi kwa makundi, na mashirika nayo yakaja. Kila shirika na gari lake jeupe, na kila shirika linataka tovuti. Moja dogo, jina lake nalihifadhi, likampa Selestini kazi. Ilikuwa tovuti kubwa ya kwanza maishani mwake, na wakati huohuo tulikuwa tumeshapeleka posa Kasulu kwa binti mmoja, Winfrida. Nikasema, haya, sasa mjukuu wangu ni mtu.

Siku moja nilikwenda Kigoma, soko la samaki la Katonga, kutafuta dagaa. Dismasi, mchuuzi ninayemjua tangu anatambaa, akanipokea kwa kicheko.

"Karibu Tanzania, bibi! Poleni na vita."

"Vita gani, we mpumbavu?"

Akanigeuzia simu, ukurasa wa mbele wa tovuti ya lile shirika. Nikajiona. Nimeinama, viganja viko wazi, na mbele yangu amesimama Leonia, mama yake Winfrida, ameshika kikapu cha unga. Mimi darasa niliacha la pili, lakini maandishi makubwa sishindwi. Nilisoma herufi kwa herufi, Dismasi akinihimiza kama ng'ombe: mkimbizi mzee akiomba chakula.

Sasa nieleze, maana wengine si wa huku. Sisi Waha salamu si neno moja. Mkwe akija unainama, unapiga makofi taratibu, unamshika viwiko, unauliza ya nyumbani na ya shambani, halafu unaanza tena. Leonia alikuja kutuona, ameleta unga kama mgeni mwenye adabu, nami nikamsalimia kama inavyopasa. Selestini akapiga picha kati ya kofi na kofi. Hapo viganja vimeachana. Kwa asiyejua, naomba.

Wakimbizi sina neno nao. Mwaka tisini na tatu walilala kwangu mpaka jikoni, na unga waliokula niliupima mimi. Ndiyo maana iliniuma. Mtu aliyegawa unga anaandikwa ameuomba, tena kwa mkwe!

Nilirudi Ilagala bila dagaa, nikapanda kichuguu na miguu yangu hii.

"Selestini, maneno yale kaandika nani?"

"Ofisi, bibi. Niliwapa picha zangu zote za mazingira wachague. Wakachagua hiyo."

"Na nani aliyeyabandika?"

"Nilidhani hutaiona. Huna simu."

"Mimi sina, Katonga nzima inazo. Sikiliza. Katika ukoo wetu bibi arusi haingii uani mpaka bibi wa bwana arusi atoke mlangoni kumpokea. Picha ile ikibaki, mimi mlangoni sitoki. Winfrida atasimama njiani mpaka aote mizizi."

Ananijua, akafunga kompyuta. Kesho yake tukapanda boti kwenda Kigoma, yeye na kompyuta yake, mimi na kanga yangu mpya ili nisifanane na picha.

Mlinzi wa getini kwa lile shirika akaninyooshea kidole. "Bibi, foleni ya mablanketi ni kule."

"Sikufuata blanketi. Nimefuata uso wangu."

Mama mmoja wa Kirundi kwenye foleni, mtoto mgongoni, akataka kujua kuna nini. Selestini akamwonyesha picha. Aliitazama kidogo tu, akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Huyu anasalimia mkwe, kama kwetu!" akasema. "Blanketi sisi tunaomba kwa kadi ya ukimbizi, si kwa kuinama."

Ndani tulimkuta bwana Hamdani, msimamizi wa ofisi, kijana wa Dar es Salaam mwenye adabu zake. Aliniamkia shikamoo, akaniuliza nimetoka mkoa gani wa Burundi.

"Nimetoka Ilagala, kwa boti la asubuhi."

Selestini akamweleza yote. Hamdani akajikuna kichwa. "Lakini bibi, picha imependwa sana. Watu wa nje wamelia."

"Wanamlilia nani?"

"Wewe."

"Waambie mimi mzima."

Akafikiri. Akasema picha ibaki, tubadilishe maneno tu: mama mwenyeji akimpokea mkimbizi. Nikamwuliza mkimbizi ni yupi hapo. Akaweka kidole juu ya Leonia.

"Huyo ni mkwe wetu wa Kasulu, ana mashamba ya kahawa!"

"Basi tuseme wote wawili ni wakimbizi," akasema, kama mtu anayepatanisha.

Nikamtazama mjukuu wangu. Hamdani naye akamtazama. "Selestini, picha ikitoka, na kazi inatoka. Nitampa mtu wa Dar."

Kijana alikaa akaifungua kompyuta. Akabonyeza. Nikatoweka. Akaweka mahali pangu picha ya ufukwe wa Kagunga asubuhi, mawimbi na mitumbwi mitupu, picha nzuri mno.

"Watu wako wapi?" Hamdani akauliza.

"Hapa ndipo walipofikia."

"Lakini hakuna anayeteseka."

Jumatatu iliyofuata kazi ilikwenda Dar, kama alivyoahidi. Harusi ilikuwepo. Nilitoka mlangoni, nikampokea Winfrida, nikamwinamia Leonia na makofi yangu yote, bila kupunguza hata moja. Leonia akaninong'oneza, "Mkwe, mbona picha mmeitoa? Mimi nilitoka vizuri."

Tangu hapo Selestini hapati mashirika. Anatengenezea watu wa hapahapa: fundi wa mitumbwi, muuza mafuta, juzi mama mmoja wa Uvinza mwenye nyumba ya wageni. Kabla ya kumpiga mtu picha anamweka wima kwanza, mikono chini, viganja vimefungwa. Wahudumu wa yule mama wamesimama kwenye tovuti kama wanasubiri polisi.

Mwenye nyumba alikuja mwenyewe kulalamika. "Kijana, mbona hawaonekani wakikaribisha mtu?"

"Wakiinama, mama," Selestini akamjibu, "sijui wataandikiwa nini."