Simu ya Kabla ya Jua Kuzama

Nakumbuka Ijumaa moja, jua likianza kuinama, mikono yangu ikiwa ndani ya beseni la maji meupe ya vumbi la mawe, na moyo wangu wote ukiwa kwenye simu ambayo sikuwa nimeiona kwa macho. Nilikuwa kijana bado. Unacheka? Serikali yetu inasema ujana huisha mtu akifika miaka thelathini na mitano, kwa hiyo mimi nilikuwa katika dakika za lala salama, lakini kijana ni kijana, na ujinga wangu ulikuwa wa kijana kabisa. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu juzi ulinionyesha ile simu unayotaka kuagiza mtandaoni, na tabasamu lako nikalitambua. Mimi pia nilitabasamu hivyo hivyo.

Hapa Tabaka nililetwa na ndoa. Kwetu ni upande wa Sironga, nyumba ya Wakatoliki wa chai na ndizi. Huku nikakuta watu wa kuchonga vinyago vya mawe na watu wa Sabato. Mama mkwe wangu, ambaye wewe hukuwahi kumwona, ndiye aliyenifundisha kupiga msasa vinyago ndani ya maji mpaka viteleze mkononi. Alikuwa na mdomo, yule mama, Mungu amrehemu. Ukipiga msasa ovyo ovyo alikuuliza kama kwenu mlikuwa mnakwaruza masufuria.

Tulikuwa na kikundi chetu cha kina mama wa msasa. Mnunuzi wetu wa Nairobi alikuwa ametuambia waziwazi kwamba kila mzigo atumiwe picha kwanza, na picha zionekane, la sivyo atanunua kwa wengine. Simu yangu ya wakati huo ilifungua mtandao kwa kusukumwa, na kamera yake ilikuwa imekufa nusu; ukipiga picha twiga wa jiwe anatoka jerikani. Basi kina mama wakachanga, wakanikabidhi pesa na kuniambia, "Wewe umesoma kidogo, tutafutie simu nzuri." Pesa ile ilitoka kinywani mwa watu. Wengine waliuza ndizi ambazo watoto wao wangekula. Kama ningeipoteza, ningetafutaje uso wa kuketi nao tena kwenye beseni moja?

Nikaingia kwenye soko la mtandaoni. Huko nikaiona simu iliyotumika kidogo, inang'aa, bei yake nusu ya ile ya dukani mjini Kisii. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu, lakini wahenga hawakuwa wameiona ile simu. Muuzaji alijiita Evans. Nilimwandikia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, na hapo nikayeyuka. Nikamhesabu ndugu. Alisema anasafiri kwenda kusoma ng'ambo, ndiyo maana anauza kwa hasara. Simu ataituma kwa gari. Mimi nitangulize nusu ya pesa ili anishikie, maana kuna mteja mwingine anayeitaka.

Mpaka hapo nilikuwa bado nasitasita. Kisha Ijumaa hiyo alasiri akaniandikia kwamba yeye ni Msabato, na jua likizama hagusi biashara. Nitume kabla halijazama, la sivyo atampa yule mwingine.

Ujumbe huo ndio ulionimaliza. Nilikuwa nimeishi na Wasabato wa kweli, nikawaona wakiliacha jembe katikati ya mstari Ijumaa jioni. Nikajiambia, mtu anayemcha Mungu hivi ataniibiaje? Nikapangusa mikono, nikachukua leso niliyofungia pesa ya kina mama, nikashika njia ya kwenda kwa wakala pale barabarani nikaiweke kwenye simu na kuituma.

"Mama Kemunto! Unakimbilia wapi na vumbi hadi kwenye nyusi?"

Alikuwa mama mkwe, anakusanya vinyago, kwa kuwa Sabato haikuwahi kumkuta na jiwe mkononi.

"Kwa wakala, Mama. Jua linazama."

"Wa kuliogopa jua likizama ni mimi, si wewe. Keti."

Nikamweleza nikiwa nimesimama, mguu mmoja tayari njiani. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akauliza, "Umemwona?"

"Nimeona picha, simu ni nzuri sana."

"Sijakuuliza simu. Mwenyewe umemwona?"

"Ni mtu wetu, Mama. Anaongea lugha yetu. Tena ni Msabato, anasali upande wa Nyamarambe."

Hapo akaviweka vinyago chini polepole. "Nyamarambe ndiko nilikozaliwa. Nipigie huyo mtoto wetu nimsalimie."

Nilipiga, nikaweka sauti ya juu. Mama mkwe akamsalimu kama tunavyosalimiana sisi, bila haraka, akamuuliza hali yake na hali ya nyumbani. Kijana akajibu vizuri, sauti ya adabu. Akamuuliza ni mtoto wa nani. Akataja jina ambalo nusu ya wanaume wa huku wanalo. Akamuuliza mama yake alitoka ukoo gani. Unajua kwetu hayo si maswali ya polisi, mwanangu, hiyo ni salamu tu. Mtu akijibu, mnaweza hata kugundua kwamba nyinyi ni mashemeji. Huyu akakohoa.

"Na mzee wa kanisa lenu ni nani siku hizi?"

"Mama, hapa netiweki inasumbua."

"Mimi nakusikia vizuri sana. Basi niambie, ukitoka sokoni kwenda kwenu unapita mkono gani?"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Nikamwandikia, nikakuta amenifungia nisimpate tena.

Mama mkwe akatazama jua, lililokuwa bado juu ya migomba. "Huyu ameianza Sabato mapema," akasema.

Nilikaa chini pale pale. Nilicheka, kisha nikalia. Leso ya kina mama niliishika kwa mikono yote miwili, na pesa ilikuwa bado ndani. Mama mkwe hakunipapasa mgongo, hakuwa mtu wa hivyo. Alinikemea, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Sabato nimeishika tangu nikiwa mtoto," aliniambia. "Anayeishika hamkimbizi mwenzake na jua. Humwambia, njoo Jumapili. Ukiona mtu anakukimbiza, ujue kuna kitu hataki ukione."

Akachukua kiboko mdogo wa jiwe, mzuri, rangi ya waridi, akamchovya majini na kumweka juani. Tukamtazama akikauka. Mwili wote ukawa mkavu, lakini ubavuni ukabaki mstari mwembamba wa maji. Palikuwa na ufa, na mimi nilikuwa nimempiga msasa kutwa bila kuuona.

"Wewe hununui jiwe la bei ya chai bila kulilowesha. Pesa ya wenzako unataka kununulia kitu kikavu?"

"Lakini simu haiwekwi majini, Mama," nilisema, kwa ujinga wangu.

"Basi mloweshe muuzaji," akanijibu, akaenda kuoga kwa ajili ya Sabato.

Jumapili tulikwenda Kisii mjini sisi wawili, na mwenzetu mmoja wa kikundi awe shahidi. Tulielekezwa kwa fundi wa simu, Omondi, kijana wa kutoka upande wa ziwa, mwenye kibanda chake palipo na watu wengi. Hebu ona mambo ya Mungu. Aliyenisemesha kwa lugha ya mama yangu alitaka kunikausha, na huyu ambaye hata salamu zetu hakuzijua ndiye aliyenitendea haki. Alitutolea simu moja iliyotumika. Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakikumzuia kuuliza.

"Kijana, hii simu nyumbani kwake ni wapi?"

Omondi akacheka. "Shosho, swali poa. Aliniuzia mwalimu wa hapa hapa. Boksi ndio hii, na risiti yake."

Akatuonyesha kubonyeza *#06#, zikatokea namba ndefu kwenye kioo. Akaniambia nisome zile za kwenye boksi, yeye anasoma za kwenye simu, na zikalingana mpaka ya mwisho. Akasema zikitofautiana niondoke hata kama muuzaji ni padri, kwa sababu huenda ni simu ya wizi, na simu ya wizi ikifuatwa humkuta aliye nayo. Kisha akaifuta yote mbele yetu na kuiwasha upya, tuhakikishe haidai akaunti ya mwalimu. Isipotolewa hiyo akaunti, alisema, siku moja simu inajifunga, nawe unabaki na kioo cha kujitazamia. Nikatia laini yangu, nikapiga, nikasikika. Tukaichaji tuone moto unaingia. Tulipoishika na kuridhika, ndipo pesa ikatoka kwenye leso, na akaandika risiti yenye jina lake na zile namba ndefu.

Wakati wa kujaribu kamera nilimpiga mama mkwe picha bila yeye kujua. Alikuwa anabishana na Omondi kuhusu chaja, kwamba simu haiuzwi bila chaja kama vile ng'ombe hauzwi bila kamba. Alipoiona picha aliniamuru niifute. Nilisema sawa, Mama, na sikuifuta.

Simu ile ilitulisha, mwanangu. Mnunuzi alizipata picha zake, twiga wakaonekana twiga, na ada za watoto kadhaa wa hapa zilipita humo. Nawashukuru wote, Omondi na kina mama walioniamini. Lakini shukrani yangu kubwa ni ya yule mama aliyeniambia keti. Penye wazee haliharibiki neno, nami nililiona hilo na pesa ya watu ikiwa mkononi.

Sasa nisikilize. Ukitaka simu iliyotumika, inunue. Si aibu, hata mimi nimezinunua. Bei ikiwa nusu ya ile ya wengine, usijione umebahatika, jiulize kwanza. Usitume hata shilingi ya kushikia kitu ambacho hujakigusa. Muuzaji akisema yuko mbali, mwache aendelee kuwa mbali. Mkutane mchana, penye watu, na usiende peke yako. Zilinganishe namba, ona akaunti ya mwenye simu imeondolewa, itie laini yako, ipige picha, ichaji, udai risiti na boksi. Anayechukia kuulizwa hana haki ya pesa yako. Na akikuambia kwamba mnatoka kijiji kimoja, au mnasali pamoja, furahi, kisha muulize zaidi, maana ndugu wa kweli hachoki kukujibu. Haraka haraka haina baraka, hata ikija na jina la Mungu.

Mama mkwe alipotuacha, tulitafuta picha yake nyumba nzima. Hakupenda kamera kabisa. Tuliyoipata ni ile moja tu ya kwa Omondi, kitambaa kimeenda upande, kidole juu, mdomo wazi katikati ya swali. Hiyo ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza lake, na kina mama wa msasa walipoiona walilia huku wakicheka. Kama ningefika kwa wakala na kumtumia yule Evans pesa jioni ile, simu ya Omondi tusingeinunua, na tungemzika bila uso.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe simu inayodumu, akupe mkono mzito wa kutuma na macho mepesi ya kuona ufa. Na zaidi ya hayo yote akujalie mtu wa kukuita kwa jina ukiwa umeshika njia, akuambie: keti kwanza.