Siku Wi-Fi Ilifika Chumba cha Marehemu

Wandugu, marehemu alituma audio wakati mimi niko juu ya escabeau, ngazi yangu ya kazi.

Cheka. Na mimi nilikuwa mutu wa kucheka, mbele ya siku ile.

Naitwa Héritier. Kazi yangu ni kuweka internet mu nyumba za watu hapa Bukavu. Mbwa za mutaa wa Muhumba zinanijua kuliko padri wangu.

Basi, wateja walikuwa wanatutukana. "Connexion yenu ni ya bure!" Tukipima, ligne ya internet inafika muzuri mpaka ku mulango. Inafia ndani, mu kuta, na mu Wi-Fi za majirani zenye zinaingiliana. Lakini nani anatukana ukuta? Anatutukana sisi, kisha anahamia kwa wengine.

Ndiyo patron wetu wa kazi akaleta boîte, visanduku vya Wi-Fi ya kisasa. Ile inapita njia mbili kwa mara moja: moja ikizibwa, mazungumuzo inaendelea ku ingine. Unatia boîte moja salon, ingine couloir, mu njia ya vyumba, na network inafika pahali haikufikaka. Na mimi naona ku telephone yangu kila chombo chenye kimeingia, na jina lake.

Nikatumwa kwa maman Nsimire, mujane wa papa Mushagalusa. Kilio kilikuwa kimeisha juzi-juzi tu.

Salon nilikuta imejaa maneno. Ornella, binti yake, alikuwa amepiga magoti mbele ya tonton Edouard, mudogo wa marehemu.

— Tonton, mimi na Constantin tunapendana. Tunaomba tu baraka.

— Baba yako alikataa ule kijana, akakufa akikataa. Mimi nipinge mufu? Utaolewa kule Luberizi, kwa rafiki yangu wa mashamba ya mupunga.

Maman alitazama chini. Kwetu, neno la baba mwenye kufa haliguswe.

Mimi nikajifanya kiziwi, nikapanda escabeau mu couloir, karibu na chumba chenye marehemu alilala mugonjwa.

— Maman, huku connexion ilifikaka?

— Hata siku moja. Papa aligombanaka nayo ku kitanda. Chumba hatujagusa. Natia tu telephone yake ku courant ya umeme, sababu ya alarme. Inaniamshaka kwa misa, kama vile yeye.

Nikarudia kazi yangu haraka.

Sasa, sisi mafundi tuko na desturi: boîte ni mupya, lakini tunaiachia jina la zamani na mot de passe, neno la siri, ya zamani, ili telephone za nyumba ziingie zenyewe bila kusumbua watu. Nikaandika jina lile lile.

Nikawasha.

Salon ikalia: ti! ti! ti! Telephone zote pamoja.

Kisha kelele ya Ornella:

— Maman eee! Papa ametuma audio!

Nikatazama ku telephone yangu. Jina moja lilikuwa limeingia sasa hivi: "Mushagalusa". Nyuma ya mulango wenye nilikuwa nimeegemea.

Mimi na escabeau tulifika chini kila mutu na njia yake.

— Technicien! tonton akapiga kelele. Umewasha nini mu nyumba ya kaka yangu?

Nikasukuma mulango. Kitanda kimetandikwa. Rozari. Na telephone ku chargeur, taa yake inawaka peke yake.

Hapo nikaelewa. Papa alirekodi akiwa kitandani, akatuma ku groupe ya famille. Network haikufika. Audio ikangoja ndani ya telephone, mpaka mwenyewe akazikwa.

Ornella akabonyeza. Pumzi fupi ikajaza nyumba.

— Ornella... Constantin yako, mulete. Nilikataa juu ya kiburi. Sasa niko nakubali. Nawabariki.

Maman akakaa chini ku ciment.

— Uongo! tonton akaruka. Siku hizi machine zinaiga sauti za watu! Huyu kijana wa Wi-Fi ni mulozi, ni muchawi!

Nikaanza kutafuta mulango na macho. Hapa kwetu, ukiitwa mulozi, usingoje maelezo.

Lakini audio haikuwa imeisha. Papa alikohoa. Kisha ikasikika sauti ingine, karibu kabisa:

— Kaka, pumzika. Mimi mwenyewe nitawaambia.

Ilikuwa sauti ya tonton Edouard.

Alijua audio haikuenda, kwani kilioni hakuna mutu aliiongelea. Na yeye akanyamaza.

— Shemeji, maman akauliza polepole, ungetuambia lini?

Tonton alichukua kofia yake, akatoka. Hata mbwa ya nyumba haikubweka.

Ornella ameolewa na Constantin. Ku ndoa nilikula mpaka ceinture ya suruali ikalalamika.

Telephone ya papa ingali chumbani, alarme inalia kila asubuhi. Nikirudi kule kwa kazi, nabisha hodi kwanza, na nangoja kidogo.

Wandugu, usifiche neno la mufu ukitegemea kama network haifike pale. Kuna watu tunalipwa ili ifike.