Kichwa cha Barua ya Cherehani

Wiki ile sikukaa kitini. Cherehani yangu ya kukanyaga, iliyoshona sare za watoto wangu wote na gauni la kipaimara la kila mjukuu wa kike, ilikuwa inaruka mishono. Unakanyaga, inalia vizuri, ukigeuza kitambaa unakuta uzi umelala juu kama tambi, haujashika kitu. Na Jumapili mjukuu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara Kamachumu. Mama yake alishanipigia simu mara mbili: “Mama, usijisumbue, madukani magauni yapo.” Huyo ni binti yangu wa kumzaa. Nikamwambia gauni la dukani watamvisha nikishazikwa.

Fundi wa hapa Kibeta alikuja, akafungua kila kinachofunguka. Alipotaka kuchomoa sindano nilimzuia.

“Hiyo iache. Nimeibadilisha juzi kwa mkono wangu.”

Akaiacha. Akafuta mikono, akasema mashine imechoka, niwape watu wa chuma chakavu. Nilimpa maji ya kunywa. Chai sikumpa.

Mjukuu wangu mkubwa, anayechapa barua za watu kule Kitendaguro, ndiye aliyenieleza kwamba kuna wazee duniani wanaoandikiana kwenye kikundi kuhusu cherehani za zamani. Si mambo ya simu kama ya vijana. Unahitaji kompyuta yenye programu ya kusomea vikundi. Alinionyesha: pembeni majina ya vikundi, juu vichwa vya barua, ukibonyeza kichwa barua inafunguka chini. Majibu yananing'inia chini ya barua iliyouliza kama vichane vya ndizi kwenye mkungu. Shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nilielewa kabla hajamaliza.

“Sema, Bibi. Nitakuandikia kwa Kiingereza.”

Nikasema kama mtu aliyelelewa. Niliwasalimu, nikauliza wameamkaje, mvua kwao ikoje, wagonjwa wanaendeleaje. Kwetu hata ukienda kwa jirani kuomba moto, moto hauutaji mlangoni. Unakaa, unapewa kahawa ya kutafuna, mnaulizana habari, ndipo unasema kilichokuleta. Cherehani niliitaja mwisho.

“Kichwa tuweke nini?”

“Salamu kutoka Bukoba.”

Alinitazama, akaandika. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilitembea hadi Kitendaguro. “Barua za majibu zimeshuka?” Bado. Jumatano nilikwenda asubuhi, nikarudi nyumbani, nikaukanyagia uzi uleule usioshika, nikaenda tena mchana. Kikundi kilikuwa kimejaa. Barua mpya zina wino mzito, zilizosomwa wino mwepesi. Mtu aliyeuliza habari za mkanda baada yangu alishajibiwa na watu watano. Yangu ilikuwa peke yake, haina hata jibu moja chini.

“Wana dharau hawa.”

“Bibi, hawajaifungua. Wanaona kichwa tu. Mtu ana vichwa mia, anafungua kinachomhusu. Wewe umewasalimia, wamepita.”

“Mtu anasalimiwa, anapita?”

“Huko shida ndiyo inayobisha hodi. Salamu zitakaa ndani.”

Nilitoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi. “Andika: Cherehani ya kukanyaga inaruka mishono, gauni linatakiwa Jumapili. Na ndani salamu isipungue hata moja.” Nilijiona kama nimeingia kwa jirani na sufuria tupu mkononi, sijasema hata hodi.

Alhamisi asubuhi majibu yalikuwa matatu. Wawili walitaka kujua natumia uzi gani. Wa tatu, mzee wa nchi ya baridi, alituma mstari mmoja bila hata hujambo: “Sindano aliiweka nani, na ubapa wake unatazama wapi?”

Mjukuu alinisomea, akageuka. “Fundi aliiangalia sindano, Bibi?”

“Nipe mwavuli wangu.”

Nyumbani niliiburuta cherehani hadi dirishani. Ubapa wa sindano sikuuona. Nilisogea, nikarudi nyuma, sikuuona. Nikautafuta kwa ukucha, na ukucha ukaniambia: ulitazama nje, badala ya ndani. Miaka yote hiyo nimeweka sindano huku nikipiga soga, bila hata kuitazama. Niliigeuza, nikakaza skrubu, nikapitisha kipande cha shuka kuukuu. Mshono ukalala mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nikakata gauni siku hiyohiyo.

Ijumaa mjukuu akapiga simu, nami niko katikati ya mkono wa kushoto wa gauni.

“Bibi, yule mzee anauliza imekuwaje. Nimwambie fundi alikosea?”

Fundi hakukosea, nilimkataza mimi. Nilitaka sana kusema ndiyo. Mguu ulikuwa unakanyaga wenyewe.

“Mwandikie sindano niliiweka mimi. Anza na salamu.”

“Na kichwa?”

“Kichwa weka: Sindano. Halafu kesho njoo na macho yako, kuna pindo limebaki.”