Ukiutazama Mkono, Zamu Inapita

Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia kwa kuteleza tu kwenye matope ya soko la Oyugis, shahada yangu haijatimiza mwaka. Shule moja karibu na Rodi Kopany ilikuwa imenipa nafasi ya kufundisha hesabu. Mwalimu mkuu alinieleza waziwazi: shule ikifunguliwa nami siwezi kushika chaki, nafasi itaenda kwa mwingine.

Plasta ilipoondolewa nilikuta mkono mwembamba, mkavu, kama wa kuazima. Kila asubuhi niliupima kwa protrakta na kuandika digrii daftarini. Kadiri nilivyoupima ndivyo ulivyokakamaa.

Mama aliyesimamia mazoezi hospitalini Homa Bay alilisoma daftari hilo lote bila kucheka, kisha akanikalisha mbele ya ubao wa ajua, ule mchezo wetu Waluo wa mashimo na kete. Mpinzani wangu alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, mama wa makamo, naye kavunjika mkono. Sharti lilikuwa kuteka kete kwa mkono mgonjwa, kuziangusha moja moja, na huku ukitaja kwa sauti shimo utakaloishia. Ukisimama ili kuutazama mkono, zamu inapita.

Nilipoteza zamu nne mfululizo.

“Nyathina,” akasema mchuuzi, kwa upole wa mtu anayemwita mwanawe, “mkono wako umesoma kupita kiasi.”

Nikaudhika, nikaanza kupiga hesabu za kumfunga. Katikati ya hesabu hizo nikaona kiganja changu kimegeuka juu, kimejaa kete, na hakikuuma hadi nilipokishangaa. Nikamuuliza msimamizi ilikuwaje. Akasema darasani nitaandika huku nikifikiri na kuwajibu watoto, kwa hiyo mkono na akili lazima vifanye mazoezi pamoja. Nilikuwa na maswali mengine kumi. Akanielekeza ubaoni, zamu ilikuwa yangu.

Wiki ya kufungua shule, mwalimu mkuu aliketi dawati la nyuma kunitazama nikifundisha. Mlinganyo wangu wa kwanza ulishuka upande kama mteremko. Msichana mmoja akauliza kwa nini namba ikihamia upande wa pili hubadilisha alama. Swali zuri, nilimjibu kwa mfano, kisha mfano mwingine, na nilipogeuka ubao ulikuwa umejaa.

“Utachukua kidato cha pili,” mwalimu mkuu akaniambia mlangoni. “Ila hiyo mistari yako, mwalimu, inyooshe.”