Chai ya Msiba wa Mwalimu Prudencia

Mimi nikiona jambo sijalielewa, usingizi haunijii. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimegeuza shingo kutazama nani yuko chumbani. Kwa hiyo msinilaumu kwa kuzijua habari za Mwalimu Prudencia kuliko ndugu zake. Tumekaa ukuta kwa ukuta hapa Pasiansi miaka kumi na minane, yeye na chekechea yake, mimi Najat na kiduka changu cha vitenge, na kila nilichokiona kwake nilikiuliza.

Mwalimu ni Mhaya wa Kanyigo, kule mpakani, na ni mjane. Mumewe, Lwakatare, alipofariki tulimsafirisha mpaka kwao akazikwa kwenye migomba ya baba yake, na ubavuni mwake ikaachwa nafasi. Hiyo nafasi bwana! Mwalimu anaitaja kama mwenzake anavyotaja kiwanja chenye hati. "Pale ni pangu," atakwambia. "Hata nikifia Uarabuni, mtanipeleka pale." Mimi humtania kwamba manshomile, hao Wahaya wasomi, wana makuu, hata kaburi wanawekeana nafasi mapema. Hucheka, ananitilia senene, panzi wao wa kukaanga, kwenye kisahani, tunaendelea na mazungumzo mengine.

Chekechea yenyewe ni vyumba vitatu vya kupanga, vimepakwa rangi ya njano. Walimu wake ni Justa na Teodora, wasichana wawili waliomaliza chuo wakakosa ajira. Uji anapika Luhende, Msukuma wa upande wa Kisesa, mtu mzima anayeimba huku anakoroga mpaka watoto wanaitikia darasani badala ya kusoma.

Ikaja ile Machi ya elfu mbili na ishirini. Shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Mzazi gani atalipia mtoto anayeshinda naye nyumbani? Tena wazazi wengi wa pale walikuwa wa viwanda vya samaki, na minofu ilikuwa haiendi Ulaya, wamepumzishwa kazi. Redioni tulisikia kuna nchi watu wanatumiwa fedha mpaka mlangoni. Mimi nilikaa mlangoni kwangu wiki nzima, aliyebisha hodi ni mtu wa maji tu.

Nilichoshindwa kuelewa ni hiki: kila asubuhi Justa na Teodora walikuwa wanakuja kazini. Watoto hawapo. Wanafuta ubao, wanaandika a, e, i, o, u, wanakaa. Luhende naye anafagia uwanja ambao hakuna aliyeuchafua. Nikavumilia siku tatu, ya nne nikavuka nikamuuliza Teodora.

"Mwalimu amesema tukizoea kukaa nyumbani hatutarudi," akanijibu. "Na saa nne kuna uji, shangazi. Nyumbani kwetu uji haupo."

Ikawa ndiyo hivyo. Akiba ya Mwalimu ilikuwa inaishia kwenye vikombe vya watu watatu. Mwishoni mwa Aprili nikamwona mwenye nyumba anapima milango kwa futi. Na hilo nikaliuliza. Akasema bila haya kwamba amepata mtu wa kuweka stoo ya saruji, na kama kodi haijaja mpaka Ijumaa, Mwalimu atoe viti vyake.

Sasa niwaeleze kuhusu chama chetu, maana ndiko kisa kilikolala. Ni chama cha kufa na kuzikana, kinaitwa Tulizane, cha Waislamu na Wakristo pamoja. Mimi ndiye katibu. Mwenyekiti ni Mzee Makame, fundi bati, mtu mkavu, anayependa kanuni kuliko chakula. Mwanachama akifa, chama kinatoa jeneza au sanda, na kama kwao ni mbali kinatoa fungu la safari. Na kuna kanuni moja Mzee Makame aliiweka mwenyewe baada ya kuona watu wanakuja misibani, wanakula, wanatoweka: ukinywa chai ya msiba, unasindikiza maiti mpaka kaburini, hata kaburi likiwa wapi. Kilicholetwa msibani hakirudi ulikokitoa, na aliyekunywa hageuki njiani. Hiyo kila mtu anaijua, na wapo waliokataa chai kwa kuogopa safari ya Kigoma.

Jumatano ile tulikutana viongozi watano tu, tumekaa mbalimbali, ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mwalimu Prudencia akabisha, akanawa, akatusalimia.

"Nimekuja kuchukua fungu langu la safari," akasema.

Mzee Makame akaangalia nyuma yake, kama kuna mtu mwingine kaja naye. "Nani kafariki?"

"Hakuna. Fungu ni langu mimi, la kunipeleka Kanyigo. Nalitaka sasa, ningali hai. Nilipe kodi mpaka Julai, na wale vijana wangu niwape nusu mshahara."

Mimi kalamu ilinidondoka, wallahi. Huyu ni mtu niliyemsikia akiitaja ile nafasi tangu tumzike mumewe!

"Na ukifa kesho?" akauliza Mzee Makame.

"Mnizike hapa hapa."

"Na Lwakatare?"

Hapo aliangalia chini. "Lwakatare atanisamehe," akasema. "Wale watatu wakitawanyika siwapati tena. Luhende ana watoto sita, Mzee."

Mzee Makame alikasirika, na akikasirika hapandishi sauti, anazidi kuwa mkavu. Akasema katiba haisemi fungu litoke lini, kwa hiyo hawezi kumnyima. Ila akimaliza kupokea, uanachama wake umekwisha. Akitaka kurudi ataanza upya, na mwanachama mpya hana haki ya safari mpaka atimize miaka mitatu. "Na nakwambia mbele ya mashahidi," akamalizia, "mimi sitakusafirisha. Nisije nikaona mtu anapitisha bakuli mtaani. Ulichokiuza umekiuza."

"Nimekusikia, Mzee," akasema Mwalimu. Akatia saini, akaondoka na bahasha.

Kosa nililifanya mimi, na sikatai. Daftari letu lina sehemu mbili, ya wanachama na ya waliotangulia. Mstari wa fungu la safari uko kwenye waliotangulia peke yake, maana nani aliwahi kufikiri aliye hai atalichukua? Nikaandika pale: Prudencia Lwakatare, Kanyigo, limetolewa. Nikafunga daftari, nikalipeleka kwa Obedi, mjumbe wetu. Obedi hakuwemo kikaoni. Kazi yake ni kutazama ukurasa wa waliotangulia na kuwatumia wanachama ujumbe. Akatuma.

Alfajiri niliamshwa na yowe. Bushra, muuza maandazi wa njia ya Buzuruga, yuko uwanjani kwa Mwalimu na beseni lake kichwani, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu aliyeshiba. Nyuma yake watu wanaingia. Huyu na kilo za mchele, yule na sukari, mwingine ana ndoo ya maharage. Wazazi wa watoto, hata wale waliopumzishwa viwandani, wana noti zimekunjwa kiganjani za rambirambi. Luhende alikuja na baiskeli kutoka kwake, kafunga mzigo wa kuni nyuma, anasukuma kwa sababu machozi hayamruhusu kupanda. Justa na Teodora wameshikana, hawana hata viatu.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Prudencia akatoka kajifunga kanga, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

"Kuna nini?" akauliza. "Nani kafa?"

Bushra peke yake aliendelea kulia, maana kilio chake kikishawaka hakizimiki. Mwishowe Luhende akasema taratibu, "Wewe, Mwalimu."

Jamani, Teodora alipiga magoti palepale. Justa alimrukia Mwalimu shingoni wakaanguka wote wawili. Watu wakaanza kucheka, kupiga vigelegele, wengine wanaulizana aliyetuma ujumbe ni nani wamchape. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wangu. Mwalimu akanyanyuka, akatema povu, akaita: "Najat! Toka humo ndani! Umenizika wewe?"

Nikatoka. Nikamweleza mambo ya mstari na ukurasa. Alinitazama kwa hasira, nikajua urafiki umekwisha. Kisha akageuka akautazama uwanja, watu, kuni, mchele, beseni la maandazi. Akavuta kile kiti kidogo cha watoto, akakikalia, akalia. Alilia sana.

"Nilidhani nimebaki peke yangu," akasema. "Tangu Machi nadhani nimebaki peke yangu."

Mzee Makame akafika wa mwisho, kanzu nyeupe, koti juu, tayari kwa kila kitu. Alipomwona marehemu kakaa kwenye kiti cha chekechea akashika ukuta. Watu wakamgeukia: vitu vyao wafanyeje, warudi navyo? Wengine walikuwa wametoa cha mwisho nyumbani.

"Kilicholetwa msibani hakirudi," akasema kwa ule ukavu wake. "Msiba ulitangazwa kwa utaratibu. Kosa la katibu si kosa la mchele."

Mwalimu akafuta macho. "Basi Luhende, bandika sufuria la uji, tia maji ya chai. Hakuna atakayeondoka mkavu."

Tukanywa. Na mimi kwa tabia yangu nilitazama nani anakunywa na nani anasingizia tumbo. Mzee Makame alipopewa kikombe alikishika muda mrefu bila kukipeleka mdomoni. Nikajisemea, huyu atakiweka chini, kanuni ni yake. Akakinywa. Sikumwona zaidi ya hapo, maana Bushra alinishika mkono anataka nimsaidie kunyamaza.

Mchele ule, maharage na sukari viliwalisha Justa, Teodora na Luhende na wale watoto sita mpaka shule zilipofunguliwa mwisho wa Juni. Rambirambi ilinunua chaki, ndoo na sabuni. Kodi ililipwa, saruji ikatafuta pengine. Julai Mwalimu akaja kikaoni, akajaza fomu ya uanachama upya kama mgeni, akatoa ada ya kwanza. "Miaka mitatu nisife," akaniambia akicheka. Tangu hapo kila mwezi akileta ada ananitajia miezi iliyobaki: bado thelathini na mmoja, bado thelathini. Mara nyingi nilitaka kumuuliza kama anajuta. Nilishindwa, na mimi kushindwa kuuliza ni jambo la kuandikwa.

Mei ya mwaka wa tatu akaugua. Mapafu, presha, sijui na nini, hospitali wakamweka siku tisa kisha wakatwambia tumrudishe nyumbani tumwangalie. Siku ya nne alikuwa hali chakula. Amelala kaelekea ukutani, na akifumbua mdomo ni jambo moja tu.

"Bado miezi miwili, Najat."

"Utaimaliza."

"Siimalizi. Naogopa. Sikuogopa nilipotia saini, sasa naogopa. Lwakatare atakaa pale peke yake."

Nilitoka nje nikalia karibu na bembea. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Makame, nikamkuta anagonga bati, nikamwambia kanuni zake zinamuua mtu. Nilimwambia na mengine ambayo mtu hamwambii mzee. Aliweka nyundo chini, akanawa, akavaa lile koti.

Alipoingia chumbani Mwalimu alijaribu kuinuka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lala." Akaketi kwenye kiti kidogo cha watoto, hapakuwa na kingine, magoti yakamfika kifuani.

"Nimekuja kukukumbusha kanuni," akasema.

"Naijua. Miaka mitatu."

"Si hiyo." Akakohoa. "Ile asubuhi, hapo uwanjani, nilikunywa chai yako. Nilikunywa vikombe viwili."

Mwalimu akageuka kutoka ukutani.

"Uwanja mzima ulikunywa," Mzee Makame akaendelea. "Niliwahesabu. Watu arobaini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kaburini bado. Kila mtu na nauli yake, mpaka Kanyigo. Atakayegeuka njiani nitamwona."

Machozi yalimtoka Mwalimu yakaingia masikioni, hakuyafuta. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Na wewe, Najat?"

"Mimi nilikunywa kimoja," nikasema. "Na maandazi matatu."

"Manne," akasema. "Nilikuona."

Akaomba uji. Luhende aliuleta mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka Mwalimu akaumaliza.