Kuagwa Kwenda Ulaya, Kushukia Nachingwea

Chuo cha kwanza kilinijibu kwa heshima kubwa. Walisema wamesikitika sana, waombaji wa mwaka huo walikuwa wengi na hodari, na uamuzi wao nisiuchukue kama dharau kwa kazi yangu. Nilisoma ujumbe huo nikiwa ofisi ya walimu, nimezungukwa na marundo ya madaftari ya kidato cha pili, nikajiambia kweli hawa ni waungwana. Mtu wa kwetu akikunyima kitu anakwambia hakuna, mnaachana hapo. Hawa walininyima, kisha wakanibembeleza, kisha wakanitakia kila la heri huko niendako. Nilikokuwa nakwenda ni kipindi cha nne, kidato cha tatu mkondo B.

Mimi ni mwalimu wa historia Nachingwea. Shahada ya pili nilishaichukua Dar es Salaam, nikawa naomba nafasi ya kusomea uzamivu Uingereza. Nilitaka kuandika habari za mradi wa karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja huku kwetu na matrekta, wakafyeka pori, wakajenga reli, wakapanda karanga, na karanga zikagoma. Wakang'oa reli yao wakaenda zao, na makaratasi yote wakayabeba. Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa juu ya ardhi hiyo hiyo, ikanibidi niwaandikie wajukuu wao kwa unyenyekevu, niwaombe ruhusa ya kwenda kwao nikasome kilichotokea nyuma ya shule ninayofundisha.

Walitaka kwanza nithibitishe kwamba najua Kiingereza. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Nafundisha kwa Kiingereza watoto wanaoongea Kimwera na Kimakua nyumbani, wananisikiliza kwa adabu kabisa bila kuelewa, na mkaguzi akija ananisifu. Haikutosha. Nikasafiri mpaka Dar es Salaam kufanya mtihani, nikavalishwa vipokea sauti masikioni, nikaulizwa yule mama kwenye kanda anataka kukodi baiskeli siku gani. Alitaka Alhamisi. Baada ya hapo nikahesabiwa kuwa mtu anayeweza kusoma historia.

Nilipomaliza kutuma maombi ya mwaka ule wa kwanza, nilikwenda Nandagala kumpa taarifa mjomba wangu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba yupo, anaheshimiwa sana, huulizwa maoni yake kuhusu mvua. Mjomba ndiye aliyeamua nisome, ndiye aliyewarudisha wachumba wawili na posa zao nikiwa kidato cha nne, na ndiye niliyekuwa namwogopa. Nilimkuta anapepeta ufuta. Nikamwambia, Mjomba, nimeomba kwenda kusoma Uingereza.

Mtu wa Nandagala hatangazi safari kama hana safari. Ukisema unataka kwenda Mtwara, unakwenda Mtwara, na pengine mzigo umeshafungwa. Habari ya mtu kuomba safari, kisha akakaa miezi akisubiri watu asiowajua wamwambie kama anayo, haikumwingia mjomba akilini, na sikumlaumu, maana hata mimi nikiieleza ilikuwa inasikika kama uongo. Alikung'uta mikono, akaniuliza kama huko kuna baridi, akaingia ndani kutafuta unga.

Mjomba anaswali safu ya mbele msikitini, na hakuna anayemzidi kujua nani hakuonekana Ijumaa. Lakini safari kubwa ya mtu wa nyumbani kwake haiendi bila unga. Saa ya magharibi humimina unga wa mtama taratibu sakafuni, karibu na kichwa cha kitanda, mpaka ukae kichuguu chenye ncha, anataja majina ya wazee waliotangulia, kisha anaufunika kwa chungu. Asubuhi anafunua. Ukikutwa umesimama, safari ni njema. Ukikutwa umeporomoka, unafungua mizigo yako unarudi shambani. Ukimuuliza anakwambia hii ni mila, dini ni kitu kingine, na usimletee maswali ya darasani.

Unga wangu ulisimama. Ncha yake ilikuwa kali kabisa. Marehemu wa ukoo wetu walinijadili na kunipitisha kwa usiku mmoja, bila barua za wadhamini, bila kuuliza habari za baiskeli.

Tatizo ni kwamba unga una masharti yake. Aliyeumimina halali nje ya nyumba yake mpaka msafiri aagwe na kuondoka, kwa kuwa yeye ndiye anayeishikilia safari. Na safari moja haimiminiwi unga mara mbili. Mjomba hakuona shida yoyote. Alidhani nitaondoka wiki ile.

Vyuo vyote vya mwaka ule vilikataa, kimoja kimoja, kila kimoja kwa masikitiko yake. Nikamweleza mjomba kwamba nitaomba tena. Akasema sawa, basi hujaondoka. Akaendelea kulala nyumbani kwake.

Mwaka wa pili nikajifunza kusubiri kitaalamu. Vyuo vina ukurasa ambapo mwombaji anaingia kwa neno la siri kutazama ombi lake limefika wapi, na miezi yote ukurasa unasema kitu kilekile: ombi lako linapitiwa. Niliingia asubuhi kabla ya gwaride, niliingia mapumziko ya chai, niliingia nikiwa nasimamia mtihani. Kumbe wanaopitia walikuwa likizo ya Krismasi, kisha likizo ya Pasaka, na katikati walikuwa na mgomo. Mimi nilikuwa nafundisha sababu za vita vya Majimaji huku simu inatetemeka mfukoni, natoa kwa haraka, nakuta ni kampuni ya simu inanitaka nicheze bahati nasibu. Ofisini walinibatiza Mzungu. Mzungu, chai. Mzungu, leo zamu yako. Mkuu wa shule, kila akipanga ratiba, aliuliza mbele ya wote kama nitakuwepo muhula ujao au nitakuwa London, na wenzangu walicheka kila mara kama vile ni utani mpya. Nilicheka nao. Ilikuwa inaniuma.

Mwaka huo huo ndipo macho ya mjomba yalipoanza kumsumbua. Kwanza alisema taa zimekuwa hafifu, na fundi wa sola akalaumiwa. Kisha akasema ufuta wa siku hizi una vumbi jingi. Kisha akamwamkia mbuzi wa jirani. Nilimpeleka kwa siku moja katika hospitali ya misheni, daktari akamulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, upasuaji wa kawaida tu, alale siku chache wodini aone tena. Nikafurahi. Mjomba akavaa kofia yake.

"Nitakuja mpwa wangu akishaondoka," alimwambia daktari.

"Anakwenda wapi?"

"Ulaya. Wanamkawiza."

Daktari alinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemkawiza mgonjwa wake. Njiani nilibishana na mjomba mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia unga ni unga. Nilimwambia mimi ni mtu wa ushahidi, na ushahidi wa daktari ndio huo. Akanijibu kwamba yeye hajawahi kuniambia nisiwasubiri watu wangu, na mimi nisimwambie jinsi ya kusubiri wa kwake. Kitu kilichoniudhi zaidi ni kwamba nami, msomi mzima, nilikuwa na hofu na ule unga. Nilikuwa nimekataliwa na vyuo vingi, na mahali pekee nilipokubaliwa ni chini ya chungu, Nandagala. Sikutaka kupapoteza.

Mwaka wa pili ukapita kwa masikitiko kama ule wa kwanza. Wa tatu nikaomba vyuo vinne. Kufikia mavuno ya ufuta vitatu vilikuwa vimeshasikitika, na cha nne kiliniweka kwenye orodha ya kusubiri. Yaani baada ya kusubiri, nilipewa cheti cha kusubiri. Waliandika kwamba nafasi ikipatikana watanijulisha, na kwamba hawawezi kusema lini. Nilikwenda Nandagala na habari hiyo, nikamkuta mjomba amekaa kwenye kigoda mlangoni, uso ameuelekeza barabarani. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nilikaa chini nikalia. Alipojua ni mimi, alijifanya alikuwa anatania.

Aliyetukuta katika hali hiyo ni mtani wake, bibi mmoja wa ukoo unaotaniana na ukoo wetu tangu enzi za mababu. Mtani kwetu ana leseni. Msibani anaweza kumvua marehemu sanda akidai deni la tumbaku, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Bibi huyu alikuwa na ulimi wa kuchubua. Alisimama katikati yetu, akataka kujua nani amekufa na kwa nini hakijapikwa kitu. Nikamweleza yote, unga, masharti, orodha ya kusubiri. Alisikiliza huku anatafuna korosho zetu.

"Sasa shida iko wapi?" akamuuliza mjomba. "Msafiri si huyu? Muage aondoke."

"Aende wapi? Hao wa Ulaya hawajajibu."

"Unga uliuambia anakwenda Ulaya?"

"Niliuambia anakwenda safari."

"Basi asafiri. Gari la Nachingwea lipo."

"Hiyo si safari, ni kazini kwake."

"Aliwahi kuagwa kwenda huko? Hakuagwa. Huwa anaondoka tu kama kuku."

"Na watu wakiuliza amekwenda wapi?"

"Wewe utajuaje amekwenda wapi? Unaona?"

Hasira mjomba alikuwa nayo, lakini kwa mtani haina pa kwenda. Alichezea kofia yake kwa muda. Kisha akageuka upande wangu, akakosea kidogo, akawa anazungumza na mlango.

"Unga haumiminwi tena," alisema. "Ukiagwa leo ukashukia Nachingwea, safari yako imekwisha hapo. Wakikuita kesho, utaondoka bila kitu. Sema wewe."

Nilijua jibu, na bado nilikaa kimya kwa muda ambao nauonea aibu. Nilikuwa na chuo kimoja kilichosema labda. Niliiwaza ile labda, jinsi nilivyokuwa nimeitunza, nimeisoma mara nyingi mpaka naijua kwa moyo. Kisha nikamtazama mzee yule anayeutafuta uso wangu kwenye fremu ya mlango. Nikasema niagwe.

Basi nikaagwa kwenda Ulaya. Mtani hakukubali nifanyiwe nusu. Majirani waliitwa, wali ukapikwa, jogoo akafa kwa ajili ya elimu ya juu. Mjomba alinipaka unga kwenye paji la uso, kidole kikianzia shavuni kwanza, akanisomea dua ndefu ya kunikinga na baridi, mabaharia na wanaume wasiotahiriwa. Mtani alinikabidhi kifurushi cha karanga niwapelekee Waingereza, niwaambie huku zinaota vizuri tu. Nilisindikizwa mpaka barabarani na akina mama wakipiga vigelegele. Wote walijua ninapokwenda. Kondakta alipouliza nashukia wapi, mtani alijibu kwa niaba yangu, London, ila nauli ya Nachingwea. Sikugeuka nyuma, maana msafiri hageuki. Sikutaka pia waone uso wangu.

Usiku ule mjomba alilala kwa jirani, kwa makusudi, kujaribu. Baada ya siku chache alikuwa wodini.

Chuo cha nne kilijibu wiki hiyo hiyo. Nafasi haikupatikana. Walisikitika kuliko wote, na walinishukuru kwa uvumilivu wangu. Niliusoma ujumbe huo kwenye benchi la hospitali, kati ya mama anayenyonyesha na mzee aliyelala mdomo wazi, nikaufuta. Nilihisi uchungu, nilihisi wepesi kidogo, halafu uchungu ukarudi na ukakaa.

Niliingia wodini muuguzi akiwa anamalizia kumwondoa mjomba bandeji ya jicho la kwanza. Alipepesa. Alitazama dari, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma, akamtazama muuguzi akamwambia alidhani ni mnene zaidi. Kisha akaniona mimi nimesimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema. Na kwa kuwa nilijua nikichelewa nitashindwa, nikaongeza hapo hapo, "Wale wa mwisho nao wamekataa."

Alinipa ishara nisogee, nikasogea, akanishika kidevu. Alinitazama muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Ni miaka mitatu, Mjomba."

"Hao watu walikuona lini?"

"Hawajawahi kuniona."

Akanigeuza uso taratibu upande wa dirishani penye mwanga, akaendelea kunitazama.