Saa Aliyoisafisha Mkewe

Jengo zima lilimwita Lifti, naye aliitika. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda ndani ya kile kijumba cha chuma, kuvuta lango lake la kukunja na kuuliza, "Ghorofa ya ngapi, bosi?" Aliwapandisha mawakili na wateja wao, akawashusha waliotoka kwa daktari wa meno wameshika mashavu. Alijua nani hasalimiani na nani, na siku hao wawili walipokutana mle ndani, yeye alitazama dari.

Mwaka aliooa alijifunga mkanda, akanunua saa ya mkono kwenye duka la ghorofa ya tatu. Haikutaka betri wala kutiwa ufunguo. Ilijijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Na mkono ule, kwa lile lango, ulitikisika kutwa.

Baadaye ikaletwa lifti ya vitufe, inayojifungua yenyewe. Mzee akaambiwa asante. Alirudi nyumbani na kigoda kwapani, maana hakuna aliyekitaka.

Saa nayo ikazeeka. Mvua moja iliingiza maji chini ya kioo, uso wake ukawa wa njano kama meno ya mvutaji sigara. Kioo kikalegea, akakishikiza kwa utepe wa gundi. Ukiitikisa, ilitembea kidogo, ikakoroma, ikasimama. Lifti akaitia ndani ya soksi na kuifungia kabatini.

Ndipo macho ya mkewe yakaanza kuchoka. Mama huyu alikuwa mshona mashuka na foronya, na kwanza alilaumu sindano, kisha taa, kisha uzi wa siku hizi. Hospitali walisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lingeweza kuokolewa kwa upasuaji, ila wasikawie, kwa kuwa kinachopotea hapo hakirudi. Walipotajiwa gharama, mama alicheka. "Kwa bei hiyo, daktari, si unipe macho mapya kabisa!"

Mpwa wao, binti wa dada yake Lifti, alikuwa anauza simu. Aliipiga picha ile saa, akaiweka mtandaoni, na siku moja akapiga simu akipayuka kwa furaha.

"Mjomba, mtu kapatikana! Anakusanya saa za zamani. Anasema hata ikiwa mbovu ataichukua, mashine ana fundi wa kuifufua. Kilichomvuta ni ule uso, haujawahi kupakwa rangi upya. Kesho mchana anakuja pale dukani kwangu. Lakini mjomba, kasisitiza: msiiguse. Hata vumbi msifute."

"Nimesikia, mwanangu."

Alisikia kweli. Ila furaha ilimpanda kichwani. Alimwambia mkewe bei, akamwambia habari za hospitali, akamwambia watakwenda kwa teksi kama wakubwa. La vumbi likampitia mbali.

Asubuhi alipoamka alimkuta mkewe mezani, mikono imelowa, uso umemchangamka kama bibi harusi.

"Usiende kutuaibisha na saa chafu," alisema. "Kioo kilikuwa kinatoka chenyewe. Nimeupitisha ule uso kwa ndimu na sabuni ya unga, nimesugua taratibu kwa pamba. Hebu tazama inavyong'aa!"

Lifti alitazama. Uso wa saa ulikuwa mweupe pe kama sahani. Jina la walioitengeneza limefutika, namba zimefutika, na mshale wa dakika umepinda juu kama unyusi. Pamba juu ya meza ilikuwa na weusi, lakini mama hakuuona. Alikuwa amegeuza lile jicho lake moja upande wa mumewe, anangoja kusifiwa.

"Umeiweza, bibie," Lifti alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Aliiweka saa kiganjani, akatoa lenzi yake ndogo, kisha akairudisha mfukoni bila kuitumia.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Lifti alijibu.

"Lakini niliwaambia, mzee wangu."

"Uliniambia."

"Mashine hutengenezwa. Huu uso ndio niliokuwa nautafuta, na hakuna fundi wa kuurudisha." Alimrudishia saa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole. Mpwa alimtazama mjomba wake.

Lifti hakuweza kurudi mikono mitupu. Alipita kwa fundi saa aliyejibana chini ya ngazi za soko, naye akamweleza bila kumzungusha: kuitengeneza kungegharimu kuliko saa yenyewe, angeweza tu kuichukua awe anang'oa vipuri. Alichompa kilitosha chupa ya dawa ya matone, na Lifti aliinunua njiani.

Mkewe alikuwa amevaa gauni la kutokea. "Enhe? Kaipenda?"

"Hakuja. Kapata dharura."

"Basi si mwisho wa dunia. Nipe niitunze mpaka atakapokuja."

Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele. Lifti alipapasa mfuko ambao alijua hauna kitu. Alipapasa na mwingine. Mwishowe akaketi kitandani, akamwambia yote, hata lile la vumbi alilosahau kumwambia.

Mama alinusa ncha za vidole vyake.

"Ungeniambia asubuhi," alisema baadaye, "ningelia mapema nikamaliza. Sasa mchana mzima nimekaa hapa najisifu peke yangu."

Ile chupa ya matone ilikwisha, wakapata nyingine kwa mkopo, kisha hakukuwa na nyingine. Mpwa alichangisha kwa marafiki. Kilichopatikana hakikufika hata nusu, nacho kikaliwa na kodi ya chumba. Walipopata nafasi ya kumwona daktari tena, alimmulika mama kwa tochi yake, akaizima, akasema sasa upasuaji wa nini.

Cherehani waliiuza. Siku hizi Lifti humkalisha mkewe mlangoni, naye mama humuuliza nani anapita. Mwanzoni Lifti alimpamba kila mpita njia: yule kapendeza, yule kanawiri, yule anatabasamu.

"Mume wangu," mama alimkatiza siku moja, "mtaa huu naujua. Nani wa kutabasamu humu?"

Lifti akatazama barabarani. "Hakuna mtu," alisema. "Wamepita."

"Haya. Sasa nakusikia."